Shajara ya mradi: skuba kwa watu wa Dodoma

Mei. Tunaanzia nchi kavu

Mradi wenyewe ni huu. Wakazi wachache wa Dodoma, wengi watumishi wa umma na wengine wenye shughuli zao, tujifunze skuba, yaani kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, hadi tupate cheti cha ngazi ya kwanza, na mafunzo yote yasiyohitaji bahari yafanyike hapa hapa mjini ili likizo isiliwe na madarasa. Tunatosha kujaa Noah moja, mizigo ikikaa miguuni. Mimi ni mratibu, maana yake ndiye ninayepigia watu simu, ninayekusanya michango na kutunza daftari hili.

"Dodoma na bahari wapi na wapi?" Kila mtu anatuuliza, na miaka michache nyuma nisingekuwa na la kujibu. Sasa jibu ni treni. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya SGR inashuka Dar kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula kutwa. Mtu anatoka ofisini Mtumba Ijumaa, usiku analala Dar, asubuhi yuko kwenye boti ya Unguja. Tena sehemu kubwa ya kujifunza skuba inahitaji maji yaliyotulia, mwalimu na uvumilivu, na hivyo vyote vinapatikana hata kwenye bwawa la hoteli lililozungukwa na miti ya mwarobaini.

Swali la pili ni la wajuaji: kwa nini msiende Hombolo au Mtera, maji si yapo? Yapo. Hombolo ina kichocho, Mtera ina mamba na viboko, na kote kuwili maji ni tope kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole. Tumefunga mjadala huo.

Mama yangu nilipomweleza alinyamaza kwanza. Kwake mpiga mbizi ni mtu wa habari za 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, mtu anayeitwa kutafuta miili. Kwamba mzima wa akili anaweza kulipa nauli na ada ili aingie chini ya maji kwa raha zake, hilo hakulielewa. Alisema tu, "Haya baba, Mungu akutangulie," kwa sauti ile ile aliyoitumia siku niliyonunua pikipiki.

Mwalimu tumempata. Ni kaka aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vituo vya mbizi vya Unguja, na ana shemeji Nkuhungu, ndiyo maana anakubali kupanda huku bila kutukamua. Sharti lake la kwanza: hakuna mtungi mpaka kila mtu aogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote, kisha aelee dakika 10 bila kushika kitu. Hicho ndicho kipimo kinachotumika kwenye kozi za ngazi ya kwanza duniani. Hakuna anayekupimia muda, na ukiogelea kama chura ni halali yako.

Waliojua kuogelea walinyoosha mikono. Mikono ilikuwa michache.

Juni na Julai. Baridi

Watu wa pwani wanadhani Dodoma ni joto mwaka mzima. Waje waingie bwawani Julai saa moja asubuhi. Maji ya bwawa la wazi hupoa usiku kucha na upepo hauna simile. Midomo inakuwa ya bluu, meno yanagongana, na mtu anayetetemeka haelei, anazama kama jiwe huku anakulaumu wewe mratibu. Tulihamia saa nane mchana. Mgao wa maji ulipokaza, bwawa lilifungwa kwa muda, nasi tukawa tunakutana sebuleni kwangu kusoma nadharia.

Maendeleo ya kuandikwa kwa wino: dada mhasibu. Amekulia kijiji cha Kongwa ambako maji ni kitu cha kuchotwa kwa ndoo, na alikuja hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita kiuno. Wiki za mwanzo alikuwa anashika ukingo kwa vidole viwili tu, akisema anautegemea kisaikolojia. Mwisho wa Julai alimaliza mita zake 200, polepole mno, chali muda mwingi, macho yakitazama mbingu. Alipogusa ukuta hakushangilia. Aliuliza, "Sasa ule mtungi unakuja lini?"

Agosti. Mbuzi wa Uingereza, vumbi na fomu ya daktari

Nadharia ndiyo niliyoiogopa, nikidhani itawachosha. Kumbe imewakamata.

Kiini chake ni mgandamizo. Usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa kipimo tunachokiita angahewa moja. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza moja nyingine: mita 10 ni mbili, mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Hewa ikikandamizwa mara mbili hubaki nusu ya ujazo wake, na ukipanda inarudi kutanuka. Kwa hiyo amri ya kwanza ya skuba, kabla ya nyingine zote: usishike pumzi. Mapafu yaliyojazwa kutoka mtungini yakapandishwa yakiwa yamefungwa yanaweza kupasuka, na hatari ni kubwa zaidi karibu na uso wa maji, kwa sababu hapo ndipo mgandamizo unapobadilika kwa uwiano mkubwa. Sisi wa huku juu tuna nyongeza. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya bahari na hewa yetu ina mgandamizo wa asilimia 88 hivi ya ule wa pwani, kwa hiyo pumzi uliyoivuta ukiwa mita 3 chini ya bwawa letu, ukiishika mpaka juu inatanuka kwa thuluthi nzima. Mita 3 tu. Fundi umeme aliyekuwa akijisifu kwamba anashika pumzi dakika mbili aliacha kujisifu.

Kisha ikaja naitrojeni, na humo wakaingia mbuzi. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayopumua inayeyuka taratibu kwenye damu na minofu. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi, ukipanda haraka inaweza kugeuka mapovu mwilini. Mtu aliyetutengenezea jedwali za kwanza za kisayansi za kupanda salama ni John Scott Haldane wa Uingereza, mwaka 1908, na wanyama aliowajaribia ni mbuzi. Aliwaweka kwenye chumba cha mgandamizo, akawatoa kwa kasi tofauti, akatazama. Mbuzi aliyeumia kiungo hasemi. Ananyanyua mguu mmoja na kukataa kuukanyagia. Mwenzetu mmoja, Mgogo wa Mvumi aliyechunga utoto wake wote, alitikisa kichwa: "Kweli kabisa. Mbuzi ukiona kanyanyua mguu ujue leo hapati usingizi." Tangu siku hiyo akikosea swali la mtihani tunamwambia awaulize mbuzi.

Vumbi sasa. Agosti ya Dodoma inaziba pua za watu, na aliyeziba pua hapigi mbizi. Ukishuka lazima usawazishe masikio: unabana pua, unasukuma pumzi kwa upole, unasikia kitu kinafunguka, na unarudia kila mita moja au chini ya hapo, kabla maumivu hayajaanza. Mwenye mafua hafunguki. Kumeza dawa ya kuzibua pua ili ushuke ni hila mbaya, maana dawa ikiisha nguvu uko chini, hewa iliyonaswa kwenye sikio wakati wa kupanda haina pa kutokea. Mwalimu ameagiza barakoa kwa wote wanaopanda bodaboda. Tunaonekana kama tumebaki 2020 peke yetu.

Fomu ya afya ina maswali ya pumu, moyo, masikio, kifafa, upasuaji. Mmoja wetu alikuwa na pumu utotoni, akaandika. Ametumwa kwa daktari kupimwa mapafu, tunasubiri. Wapo waliomshauri angenyamaza tu. Mimi nimemwambia anayenyamaza kwenye fomu ile anamdanganya mwenza atakayemtegemea chini ya maji, na nafikiri alinielewa.

Septemba. Mitungi inapanda Dodoma

Mwalimu alipeleka mitungi kituo cha mabasi Dar, imejazwa, imefungwa kwa magunia. Konda akaikataa.

"Gesi haipandi humu, mzee."

"Si gesi ya kupikia. Ni upepo tu."

"Upepo?" Konda akaigonga kwa funguo. "Unapeleka upepo Dodoma?"

Abiria wote wakacheka, na mitungi ikaja kwa lori, siku mbili baadaye. Haki yao kucheka. Ila upepo wenyewe si wa kuokota barabarani. Jirani yangu alituonyesha fundi wa matairi mwenye kompresa, akisema atatujazia kwa buku. Hapana. Kompresa ya gereji inaweza kutoa hewa yenye mvuke wa mafuta na gesi ya kaboni monoksaidi, kitu ambacho chini ya maji kinaua kimya kimya. Tena haifikii mgandamizo unaotakiwa, ambao ni mara 200 na zaidi ya ule wa kawaida. Jirani huyo huyo akaja na wazo la pili, mtungi wa oksijeni wa hospitali. Hilo nalo hapana. Tunachopumua ni hewa hii hii ya kila siku, oksijeni asilimia 21, imechujwa na kukaushwa. Oksijeni tupu huanza kuwa sumu kwa mzamiaji akipita mita 6 hivi.

Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11, ukijaa unabeba hewa kama lita 2,200. Bwawani, kina kidogo, mtu mtulivu anakaa nao zaidi ya saa moja na nusu. Huko mita 18 kila pumzi inabeba hewa karibu mara tatu, kwa hiyo mtungi huo huo ni dakika 40 hivi, na wenye papara ni chini ya hapo. Kwa kuwa hapa hatuna pa kujazia, kila mtu amejifunza ubahili wa pumzi mapema. Ni mafunzo mazuri kuliko hotuba.

Siku ya kwanza ya kupumua chini ya maji nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyobadili kikundi. Unapiga magoti mahali ambapo ungeweza kusimama. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungini, iko mdomoni. Unajua kabisa kwamba hewa ipo, umeisikia ikifoka nje ya maji, lakini kichwa kinapofunikwa kifua kinakataa. Hakitaki. Miaka yote umekifundisha kwamba maji usoni ni kufunga mdomo. Unabaki hivyo sekunde moja au mbili, halafu unavuta, na hewa inaingia, kavu, na ladha kidogo ya mpira. Unatoa, mapovu yanapiga kelele masikioni kama chungu cha maharage. Unavuta tena. Baada ya pumzi chache nikaona mabega ya dada mhasibu yakishuka taratibu kutoka masikioni mpaka mahali pake. Akakaa sakafuni. Akaanza kuangalia vigae. Tulipomwashiria kupanda alitikisa kidole kwamba bado.

Kuna mkanganyiko mmoja wa ishara. Dole gumba juu, ambalo sisi tunalitumia kwa kila kilicho chema, chini ya maji maana yake ni "tupande". Fundi umeme alikuwa akiulizwa hali anajibu kwa dole, na anapandishwa. Aliulizwa tena, akajibu vile vile, akapandishwa tena. Sasa amefunga gumba kwa kidole cha shahada kama watu wengine.

Mwisho wa Septemba. Kikao cha ratiba

Kikao hiki kilirefuka hadi saa tano usiku na ndicho muhimu kuliko vyote, kwa hiyo nakiandika vizuri.

Ratiba niliyoileta ilikuwa hivi: Ijumaa treni, Jumamosi boti ya Unguja kwa waliochukua likizo fupi, mbizi siku kadhaa, mbizi ya mwisho Jumamosi inayofuata asubuhi, Jumapili tunarudi, Jumatatu kazini. Fundi umeme akapinga: kwa nini tupoteze Jumapili asubuhi? Tupige mbizi saa mbili, saa sita tuko kwenye boti, jioni treni, saa nne usiku tuko nyumbani. Wengi wakaunga mkono. Bahari yenyewe tumeilipia.

Mwalimu akauliza: nyumbani kwenu ni wapi?

Hapo ndipo penye jambo la mtu wa bara ambalo vitabu vya watu wa pwani havilisemi kwa herufi kubwa. Kila anayepiga mbizi anajua hapandi ndege siku hiyo hiyo. Mwongozo unaofuatwa sana, wa shirika la usalama wa wazamiaji la DAN, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku kadhaa mfululizo. Sababu ni kwamba ndani ya ndege mgandamizo unashuka kama uko mlimani, mita 600 hadi 2,400, na naitrojeni iliyobaki mwilini inapata nafasi ya kugeuka mapovu. Dodoma ni mita 1,120. Kwa mwili wa mzamiaji, Dodoma ni ndege iliyokwisha paa na haitui tena.

"Lakini treni si ndege," fundi akasema.

"Mwili hausomi tiketi," Mwalimu akajibu. Hata mbinu ya kugawa safari, kulala Morogoro kwa ndugu, haikusaidia: Morogoro mjini ni mita 500 hivi, na kwenye mbizi chochote kinachopita mita 300 kinahesabiwa kuwa mwinuko. Mwenzetu wa Singida ndiye mwenye kazi zaidi. Kwao ni juu kutuzidi.

Tukapitisha kanuni ya kikundi: saa 24 kamili usawa wa bahari tangu kutoka majini hadi treni kuondoka Dar, bila mjadala na bila kuangalia nani ana mkutano Jumatatu. Ni zaidi ya mwongozo. Mimi naipenda ikiwa zaidi, maana dalili za ugonjwa wa mgandamizo, maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, zikikushika Kilosa katikati ya mahandaki huna msaada wa karibu, na kila dakika treni inazidi kupanda.

Halafu muuguzi wetu, ambaye husema maneno machache, akatoa hoja iliyookoa ratiba. Kusubiri si lazima iwe kukaa. Boti ya Unguja kwenda Dar iko usawa wa bahari. Kariakoo iko karibu na usawa wa bahari. Kwa hiyo saa za kusubiri tunaweza kusafiri nazo, kununua nazo vitu, kulala nazo kwa shangazi Temeke, mradi hatujapanda mlima. Mbizi ya mwisho Jumamosi, tutoke majini saa tano asubuhi. Treni Jumapili saa kumi na moja jioni. Hiyo ni saa 30. Jumapili asubuhi tunakula urojo badala ya kulalamika.

Oktoba. Maji ya chumvi

Tumechagua Oktoba kwa sababu kusi imekwisha choka na kaskazi haijashika. Maleleji, bahari inatulia na maji yanasafika. Nguo za mpira nyembamba zilitosha, maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Kwanza tukakataliwa na bahari. Kwa vipande vile vile vya risasi, yale madini mazito ya kutuzamisha, tulivyovaa bwawani, hakuna aliyezama. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi kuliko ya bwawa, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 90 anasukumwa juu kwa kilo mbili na zaidi. Tukaongeza uzito mkandani, tukatoa hewa kwenye jaketi la kuelea, na maji yakatupokea.

Ngazi ya kwanza ina mbizi nne za baharini na kina kisichozidi mita 18. Kwenye fungu la Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, matumbawe yanashuka kama bustani ya ngazi, na mkondo ukiwa mpole unakubeba pembeni yake bila kupiga hata pezi moja. Nilitaka kuandika nilichoona kwa mpangilio, nimeshindwa. Kitatange wawili wawili kama wachumba. Mkunga kichwa nje ya shimo, anafungua na kufunga mdomo, tukadhani anatisha kumbe anapumua. Kasa aliyetupita bila haraka, akatuacha mbali.

Pono ndio nitakaowakumbuka. Kabla sijawaona niliwasikia: krak, krak, krak, kutoka kila upande, kwa kuwa sauti majini inakwenda kasi mara nne kuliko hewani na sikio linashindwa kujua inatokea wapi. Nikamfuatilia mmoja, wa kijani mwenye mdomo kama koleo. Anang'ata mwamba wa tumbawe, anatafuna, anasogea. Baada ya muda kidogo nyuma yake likatoka wingu jeupe, likashuka taratibu. Mchanga. Hayo ndiyo mavi ya pono, na sehemu ya mchanga mweupe ambao wageni wanalipia dola kuulalia imepita tumboni mwa samaki hao. Nilicheka hadi maji yakaingia kwenye miwani, ikabidi niyatoe kwa pua kama tulivyofundishwa Dodoma.

Dada mhasibu alikuwa amevaa bangili nyekundu. Tulipofika mita 12 alinivuta mkono akanionyesha: imekuwa ya kahawia, karibu nyeusi. Maji hunyonya rangi nyekundu mapema kuliko nyingine zote. Mwalimu akawasha tochi juu yake, na ile bangili ikawaka nyekundu ghafla katikati ya ubluu. Akaizima, rangi ikapotea. Dada akataka iwashwe tena, na tena, mpaka Mwalimu akaangalia kipimo cha hewa na kumwonyesha kwamba muda unakwenda.

Jioni fundi umeme alitangaza ameona chewa mkubwa kama mbuzi. Miwani ya kuzamia hukuza vitu kwa thuluthi hivi, akakumbushwa. Akamshusha hadi mwana-mbuzi na hapo akagoma.

Raha ya skuba watu huieleza kwa samaki, na samaki ni kweli. Mimi nasema raha kubwa ni dakika tatu za mwisho, zile za kusimama mita 5 kabla ya kutoka ili naitrojeni ipungue. Hapo huna kazi. Ukiwa umepima uzito wako vizuri huzami wala hupandi. Ukivuta pumzi unainuka kidogo, ukiitoa unashuka kidogo, unaongoza mwili mzima kwa mapafu tu. Mwili wa miaka hamsini wenye goti bovu haukuwa na goti. Muuguzi alikunja miguu akakaa hewani, yaani majini, kama yuko kwenye jamvi. Wote wamefaulu, isipokuwa yule wa pumu, ambaye majibu yake ya mapafu yalichelewa. Alikuja hivyo hivyo, akaogelea juu yetu kwa snokeli, ule mrija wa kupumulia juu ya maji, na anatuambia kwamba mapovu yetu yakitazamwa kutoka juu yanang'aa kama sarafu.

Jumapili ya kurudi

Saa 30 zilitimia bila shida. Kwenye treni nilifanya jaribio dogo la kuwaonyesha. Nilinunua Dar pakiti ya krispi iliyolegea kawaida, nikaiweka mezani. Baada ya Morogoro ikaanza kujaa. Tulipokaribia Dodoma ilikuwa imevimba, imekakamaa kama mpira. Fundi umeme aliibonyeza kwa kidole kimoja, akaangalia nje, akaibonyeza tena. Kisha akaifungua, akala, akagawa kidogo.

Novemba. Hatua inayofuata: Mafia

Kikundi kimekubali Januari, kaskazi ikiwa imeshika. Mafia ndiko iliko hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, tangu 1995, na ghuba ya Chole ina matumbawe ambayo wanafunzi wa ngazi ya kwanza wanayamudu ndani ya kina chao. Kinasi, mlango wa ghuba hiyo, una mkondo mkali. Huko tutaingia maji yakijaa, siku za maji mafu, na wale tu ambao Mwalimu ameridhika nao. Upande wa Kilindoni, miezi hiyo, kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula viumbe vidogo kwa kuchuja maji na asiye na habari nawe. Yule hatazamwi kwa mtungi. Ni snokeli na kukaa mbali naye, kwa hiyo mwenzetu wa pumu hatakosa kitu.

Hesabu ya kurudi ndiyo iliyoamua usafiri. Ndege ndogo ya Mafia hadi Dar ni fupi, lakini ni ndege: ukiichagua unasubiri saa zako zote kisiwani, halafu unapanda. Kivuko cha Kilindoni hadi Nyamisati kinachosha, kinategemea maji, na baada yake kuna barabara ya Kibiti hadi Dar. Ila yote hayo ni karibu na usawa wa bahari, na saa zinakwenda huku sisi tunakwenda. Tumechagua kivuko.

Kazi zilizobaki, na wahusika wanajijua: fundi umeme anatengeneza karatasi moja ya ratiba ya kurudi, yenye saa ya kutoka majini na saa ya kuondoka treni, ibandikwe kwenye begi la kila mtu. Muuguzi anafuatilia bima ya wazamiaji na kutuandikia namba za dharura. Mimi naulizia viingilio vya hifadhi kwa Watanzania, ambavyo ni tofauti na vya wageni, na michango ifike kabla ya Krismasi maana baada ya Krismasi hakuna mwenye hela. Dada mhasibu ameombwa na vijana wa mtaani kwake Chang'ombe awafundishe kuogelea. Bwawa limeshakubali Jumamosi mchana.